Abdur-Rahman Ad-Dakhil: Jinsi Alivyoishika Andalusi

Watu wengi wasikiapo jina la Abdur-Rahman bin Muawiya, yule aliyeitwa Ad-Dakhil, yaani Mwenye Kuingia, hukumbuka mambo mawili: kukimbia kwake na msikiti wake. Hukumbuka kijana wa Bani Umayya aliyeogelea mto wa Furati akiwakimbia wapanda farasi wa Bani Abbas, kisha huukumbuka Msikiti Mkubwa wa Kurtuba na nguzo zake zilizopangana kama mitende shambani. Baina ya mambo mawili hayo pana miaka mingi ya vita, na miaka hiyo haisomwi sana. Nayo ndiyo yenye somo, kwani kuitwaa nchi ya Andalusi kulimchukua muda usiotimia mwaka mmoja, na kuishika kulimchukua umri wake wote uliobakia.

Alizaliwa mwaka 113 wa Hijra (731) katika nchi ya Sham. Babu yake alikuwa Khalifa Hisham bin Abdul-Malik, na mama yake alikuwa suria wa Kiberberi wa kabila la Nafza. Na jambo hili la mama lisipuuzwe, litamfaa mbele. Mwaka 132 (750) Bani Abbas walipoung'oa ukhalifa wa Bani Umayya, waliwasaka watu wa nyumba ile mji kwa mji. Mahali paitwapo Nahr Abi Futrus, katika Palestina, husimuliwa kuwa wakubwa wao wengi walipewa amani, wakaitwa karamuni, wakauawa. Abdur-Rahman alikuwa amejificha kijijini kando ya Furati pamoja na nduguye mdogo, mtoto wa miaka 13. Farasi walipowazukia, ndugu wawili hao wakajitosa majini. Askari wakasimama ukingoni wakawaita warudi, wakawapa amani kwamba hapana atakayewadhuru. Yule mdogo alikuwa amechoka na kuyaogopa maji, akaamini, akarudi. Abdur-Rahman alipofika ng'ambo akageuka, akaona kichwa cha nduguye kikikatwa.

Msomaji na alishike neno hili amani. Katika sharia, na katika mila ya Waarabu, amani ni ahadi ya kutoguswa roho ya mtu wala mali yake, nayo humfunga aliyeitoa ijapokuwa aliyepewa ni adui. Kijana huyu, naye hajatimiza miaka 20, aliiona ikivunjwa kwa jamaa zake na kwa ndugu wa tumbo la baba yake. Neno hili litarudi.

Akatembea miaka mitano, Palestina, Misri, kisha Afrika ya Kaskazini, hana rafiki illa Badr, mtumwa wake aliyemwacha huru. Liwali wa Kairawani alitaka kumuua kama alivyowaua jamaa zake wengine waliokimbilia huko. Mwisho akafika kwa wajomba zake Nafza, pwani ya Maghribi, mahali ambapo mtu husimama akaiona bahari nyembamba na nchi ya Andalusi iko ng'ambo yake.

Nchi hiyo ilikuwa imefunguliwa na Tariq bin Ziyad tangu mwaka 92 (711), lakini Waislamu walioikaa hawakuwa umma mmoja. Waarabu walikuwa wamechukuliana chuki ya kale, watu wa Yamani upande mmoja na Mudhari upande wa pili. Waberberi, ambao ndio waliokuwa wengi katika jeshi la Tariq, walipewa milima na nyika, wakaona wamedhulumiwa, wakaasi mwaka 740. Kuzima uasi ule likaletwa jeshi kutoka Sham, nalo likakataa kuondoka. Ikabidi ligawiwe mikoa, watu wa Damaski wakapewa Ilbira, watu wa Himsi wakapewa Ishbilia, iitwayo leo Sevilla, na wengine kadhalika. Liwali alikuwa Yusuf Al-Fihri, mzee wa Kikureshi, lakini mwenye neno alikuwa As-Sumail bin Hatim, mkubwa wa Mudhari. Huyu As-Sumail alikuwa mjukuu wa Shamir, yule aliyesimama katika kuuawa kwa Sayyidna Husein huko Karbala. Mwaka 747, katika vita vya Shakunda karibu na Kurtuba, aliwashinda watu wa Yamani na kuwachinja mateka wao. Na juu ya hayo yote ikaja njaa ya miaka mingi.

Katika mikoa ya Ilbira na Jayyan walikuwako mawali wa Bani Umayya baina ya 400 na 500. Mawali ni watu walioungana na nyumba fulani, wao au wazee wao, kwa kuachwa huru au kwa kusilimu mikononi mwa watu wa nyumba hiyo. Badr akavuka kwenda kwao na barua ya bwana wake. Wao wakenda kwanza kwa As-Sumail, naye akakubali, kisha akakatazwa na nafsi yake: alifahamu kuwa mtu wa nyumba ile akiingia, hapatabaki nafasi ya mkubwa mwengine. Fahali wawili hawakai zizi moja. Basi mawali wakawaendea watu wa Yamani, wakawaambia, hiki ndicho kisasi chenu cha Shakunda. Watu wa Yamani hawakumjua Abdur-Rahman wala hawakumpenda; walipenda kisasi. Hapo ndipo ilipo mbegu ya maasi yote yaliyofuata: aliingia nchi juu ya mabega ya watu waliomtaka kwa haja yao.

Akashuka Al-Munakkab mwezi wa Mfungo Sita mwaka 138 (755). Yusuf alikuwa mbali kaskazini akipigana na waasi wengine. Alipopata habari akataka suluhu: akampelekea zawadi, na ahadi ya kumwoza binti yake na kumpa mashamba. Suluhu ilikuwa karibu kutimia. Walakini karani wa Yusuf aliyeichukua barua, mtu aliyejivunia sana Kiarabu chake, alimdhihaki mzee Ubaidullah, mkubwa wa mawali, kwamba atatoka jasho makwapani kabla hajaweza kuandika jawabu ya barua kama ile. Mzee akamtupia barua usoni, karani akafungwa, suluhu ikavunjika. Ufalme wa karibu miaka 300 ulipata njia kwa neno moja la kejeli.

Majeshi mawili yakakutana kandokando ya mto wa Kurtuba, mto umefurika. Watu wa Abdur-Rahman hawakuwa na chakula illa dengu mbichi za mashambani. Maji yalipopungua siku ya Arafa, yeye akajifanya kukubali masharti ya amani. Yusuf akamwacha avuke bila ya kuzuiwa, akampelekea na nyama. Asubuhi yake, Ijumaa, Idi ya Mfungo Tatu mwaka 138 (Mei 756), Abdur-Rahman akashambulia. Wapo waliosema kuwa hiyo ni hila ya vita na hila ya vita yaruhusiwa. Lakini hila ya vita ni kumficha adui mahali utakapopiga, na kula nyama ya mtu kwa jina la suluhu ni jambo jengine.

Siku ile watu wa Yamani walinong'ona kuwa kijana huyu amepanda farasi mwenye mbio, mambo yakiharibika atawaacha hapa. Habari ikamfikia. Hakukasirika wala hakuapa. Alimwendea mkubwa wao, Abu Sabbah, akamwambia kuwa farasi wake hatulii hata aweze kupiga mishale, akamwomba nyumbu wake wabadilishane. Watu walipomwona juu ya nyumbu wakatulia. Jeshi la Yusuf likavunjika, Abdur-Rahman akaingia Kurtuba, umri wake miaka 25.

Watu wa Yamani wakaingia nyumba ya Yusuf kupora. Yeye akawatoa, akawafunika wanawake na watoto wa Yusuf, akawapeleka mahali pa salama. Husimuliwa kuwa binti wa Yusuf, kwa kushukuru, alimpa kijakazi aitwaye Hulal, ambaye baadaye alimzalia mwana. Wale waliokatazwa ngawira wakakasirika. Abu Sabbah akawaambia jamaa zake: tumekwisha maliza Mudhari, sasa tumuue na huyu na mawali wake, siku moja iwe ushindi mara mbili. Wengine wakakataa, na mmoja akamfikishia Abdur-Rahman maneno hayo. Yeye hakusema kitu. Akajiwekea walinzi, akampa Abu Sabbah uliwali wa Ishbilia, akangoja. Alingoja miaka 10.

Yusuf na As-Sumail wakaomba suluhu, wakapewa, mwaka 139 (756): wakae Kurtuba na mali zao, na wana wawili wa Yusuf wawe rehani. Mwaka 141 (758) Yusuf akatoroka, akakusanya watu wapatao 20,000 katika nchi ya Marida. Akavunjwa na liwali wa Ishbilia wa wakati ule, kisha akauawa karibu na Tulaitila, iitwayo leo Toledo, mwaka 142 (759), na kichwa chake kikatundikwa darajani Kurtuba. As-Sumail alikuwa amebaki mjini. Akatiwa gerezani, na siku moja akakutwa amekufa, na kando yake bilauri na matunda. Ikanenwa kuwa amekufa kwa ulevi. Hapana mtu wa Mudhari aliyeamini. Mzee wao mmoja alipoingizwa kumtazama alisema waziwazi kuwa huyu hakunywa, bali amenyweshwa.

Katika miezi ya kwanza khutba za Andalusi zilisomwa kwa jina la khalifa wa Bani Abbas, yaani wale waliomkata nduguye kichwa. Kisha Abdur-Rahman akaamuru jina hilo liondolewe. Hakujiita khalifa, aliridhika na jina la amiri. Hakutaka kuwapa watu sababu ya kusema kuwa ameupasua umma, na huku kwa hakika amekwisha upasua.

Khalifa Al-Mansur wa Baghdad hakusahau. Mwaka 146 (763) alimpelekea Al-Alaa bin Mughith, mkubwa wa Yamani katika nchi ya Baja, iliyo leo Ureno, barua ya uliwali na bendera nyeusi ya Bani Abbas. Bendera ile ikawa kama tonge ya asali kwa nzi. Kila mwenye kinyongo akaja chini yake. Amiri akakimbilia Karmuna, mji wenye boma imara juu ya kilima, akazingirwa karibu miezi miwili hata chakula kikapungua. Lakini waliomzingira nao walikuwa na mwao. Lile lilikuwa jeshi la makabila, na jeshi la makabila hukaa muda wa mavuno, kisha kila mtu hukumbuka shamba lake. Wakaanza kuondoka wachache wachache. Amiri alipoona hivyo akachagua watu 700, akawasha moto mkubwa langoni, akawaambia watupe ala za panga zao motoni, maana mtu asiye na ala hana pa kuurudisha upanga. Wakatoka. Al-Alaa akauawa, na watu wake, kwa hesabu ya wanahistoria, 7,000.

Vichwa vya wakubwa vikatiwa chumvi na kafuri, kila kimoja na kikaratasi cha jina sikioni, vikafungwa pamoja na barua ile na bendera ile. Riwaya moja yasema mfuko ulitupwa usiku katika soko la Kairawani. Nyengine yasema ulikutwa Makka, mbele ya hema ya Al-Mansur mwenyewe aliyekuwa amekwenda kuhiji. Al-Mansur alipouona alimshukuru Mwenyezi Mungu aliyeweka bahari baina yake na shetani yule. Naye Al-Mansur ndiye aliyempa jina la Kozi wa Kureshi, akasema kuwa wengine walipata ufalme kwa msaada wa jamaa na majeshi, na mtu huyu aliupata peke yake. Baada ya siku ile Baghdad haikutuma tena jeshi lake Andalusi.

Lakini waliokufa Karmuna walikuwa na ndugu. Mwaka 149 (766) Said Al-Yahsubi, aliyejulikana kwa jina la Al-Matari, alikuwa Labla akinywa ulevi usiku. Wakatajwa watu wa Yamani waliouawa pamoja na Al-Alaa. Akachukua kitambaa akakifunga katika mkuki, yaani alama ya vita. Asubuhi ulevi umemtoka, akauliza, hiki ni nini? Akaambiwa. Akataka kukifungua kabla habari haijaenea, kisha akaona haya, akasema hawezi kurudi katika jambo alilokwisha lifunga. Akaingia vitani kwa ajili ya haya hiyo, akauawa ngomeni. Watu wangapi walikufa kwa kitambaa kile!

Mwaka ule ule zamu ya Abu Sabbah ikafika. Amiri alikuwa amemwuzulu uliwali wa Ishbilia, naye akaandika barua za uchochezi kwa jamaa zake. Kumwendea kwa jeshi ni kuiwasha Ishbilia yote. Amiri akampelekea amani, imeandikwa na kutiwa mkono wake, akaichukua Abdullah bin Khalid, mmoja wa mawali wale wa kwanza waliompokea siku ya kushuka pwani. Abu Sabbah akaiamini kwa kumwamini mchukuzi wake, akaja Kurtuba na watu wapatao 400, akaingia peke yake mbele ya amiri. Wakalaumiana. Amiri akamrukia kwa jambia kwa mkono wake mwenyewe, na yule mzee akawa na nguvu kuliko alivyodhania, hata ikabidi awaite walinzi wakamuua. Kisha akawaita mawaziri akawauliza shauri, auawe au afungwe? Wakasema, usimuue, wapanda farasi wake wako mlangoni. Mmoja tu ndiye aliyeshauri auawe. Amiri akawaonyesha maiti chini ya zulia.

Abdullah bin Khalid hakusema kitu. Aliondoka, akenda shambani kwake, na tangu siku ile hata kufa kwake hakukubali tena kazi yo yote ya serikali.

Wanahistoria wengi wanaitaja habari hii kwa mistari michache kisha wanapita. Kwa kweli ndiyo iliyobadili utawala ule kuliko vita vya Karmuna. Vita vile vilimwondolea amiri adui. Amani ile iliyovunjwa ilimwondolea rafiki, na ikawafunza watu wote wa Andalusi kuwa karatasi ya amiri si kinga. Na mwenye kujua hivyo, akiasi, hupigana mpaka mwisho, kwani kusalimu amri hakuna faida kwake. Si ajabu kuwa maasi yaliyofuata yalikuwa marefu kuliko yaliyotangulia.

La kwanza katika hayo lilikuwa la mwalimu wa chuo. Shakya bin Abdul-Wahid, Mberberi wa Miknasa, alikuwa akisomesha watoto. Mama yake aliitwa Fatima. Kwa jina la mama akapanda, akadai kuwa ni katika dhuria wa Bibi Fatima binti wa Mtume, akajiita Abdullah bin Muhammad. Waberberi wa milima ya Shantabariya wakamfuata, mwaka 768. Vita vyake havikuwa vita vya uwanjani. Jeshi la amiri lilipokuja alipanda milimani. Lilipoondoka alishuka, akamuua liwali aliyewekwa, akatoza kodi. Amiri alitoka mwenyewe mara kwa mara akarudi mikono mitupu. Miaka ikapita, na kila mwaka hazina ilitoka fedha nyingi kumfukuza mtu asiye na mji.

Hatimaye amiri akaacha kutafuta kichwa cha mwalimu, akatafuta mizizi yake. Akamchagua mkubwa mwengine wa Kiberberi wa nchi ile ile, aitwaye Hilal, aliyemwonea Shakya wivu, akamfanya kuwa mkubwa wa Waberberi wote wa mashariki. Waberberi wakagawanyika. Shakya akasogea kaskazini, nguvu zake zikapungua, na katika mwaka 160 (776-777) wawili katika wafuasi wake mwenyewe wakamuua, wakamletea amiri kichwa.

Kabla ya hapo, mwaka 774, amiri alipokuwa yuko milimani, watu wa Yamani wa Ishbilia na Labla waliasi kwa mara kubwa ya mwisho, wakaelekea Kurtuba ilhali ina walinzi wachache. Amiri akarudi mbio. Akagundua kuwa katika jeshi la adui wamo Waberberi wengi. Akawapeleka mawali wake wa Kiberberi usiku wakasema nao kwa lugha yao: Waarabu hawa wakishinda, nani atawatetea ninyi? Na amiri mwenyewe mama yake ni Nafza. Siku ya vita Waberberi wakageuka, na watu wa Yamani wakauawa kwa wingi usiowahi kuonekana tangu Shakunda. Kisasi kilichomleta Abdur-Rahman katika nchi kikaishia kwa kuwateketeza wenye kisasi.

Katika miaka hiyo ndipo alipomaliza kazi aliyoianza kidogo kidogo tangu Karmuna. Aliacha kuwategemea Waarabu wa makabila. Akanunua watumwa, akaajiri Waberberi kutoka ng'ambo ya bahari, akawapa mshahara, silaha na farasi kutoka hazina yake. Waandishi wa Kiarabu wametaja idadi ya 40,000. Askari hawa hawakuwa na shamba la kurudia wakati wa mavuno, wala ami au mjomba katika jeshi la adui. Hawakuwa na mtu illa yeye. Akaujenga ukuta wa Kurtuba, akawaweka maliwali katika jamaa zake na mawali wake.

Jeshi hili lilimfaa kaskazini. Mwaka 777 Sulaiman Al-Aarabi, mkubwa katika upande wa Sarakusta, iitwayo leo Zaragoza, alisafiri mpaka Paderborn, katika nchi ya Wajerumani, kumwita Charlemagne mfalme wa Wafranki aje amsaidie juu ya amiri. Wakati huo huo Mfihri mmoja alishuka pwani ya mashariki kwa jina la Bani Abbas. Mambo haya kama yangalifungamana pamoja, yangalimaliza ufalme wa Kurtuba. Hayakufungamana. Yule Mfihri na Sulaiman waligombana na kupigana. Amiri akazichoma jahazi za Mfihri, akaahidi dinari 1,000 kwa atakayeleta kichwa chake, na Mberberi mmoja akakileta. Charlemagne alipofika Sarakusta mwaka 778 alikuta malango yamefungwa. Mshirika wa Sulaiman, Husein Al-Ansari, alikataa kuufungulia mji jeshi la Kinasara. Akarudi, na nyuma ya jeshi lake ikavamiwa na Wabaski katika kipito cha Roncesvalles, tarehe 15 Agosti. Abdur-Rahman hakunyanyua hata upanga. Baadaye Husein akamuua Sulaiman msikitini siku ya Ijumaa, na alipoasi tena mara ya pili amiri akausimamishia mji manjaniki 36, yaani mitambo ya kurushia mawe, akauingia mwaka 783, akamuua Husein kifo kibaya.

Walibaki wa nyumbani. Amiri alikuwa amewaita jamaa zake waliosalia mashariki waje kwake, akawapa mali na makao, kwani aliikumbuka siku ya Furati. Mwaka 780 wawili wao walikula njama ya kumpindua, akawaua. Miaka minne baadaye, Al-Mughira, mwana wa ndugu yake Al-Walid, akafungamana na mwana wa As-Sumail kwa jambo lile lile. Akawaua wote wawili. Kisha akaona haiwezekani kukaa mji mmoja na ndugu ambaye umemuua mwanawe. Akampa Al-Walid fedha, akamvusha bahari pamoja na watu wake. Siku ile alimlalamikia mmoja wa mawali kuwa aliwatoa watu hawa katika dhiki, akawagawia neema, wakaja kumnyang'anya mikononi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Katika ile rehani ya wana wawili wa Yusuf, mkubwa aliuawa zamani, na mdogo, Abul-Aswad, alikaa gerezani miaka mingi. Huyu alijifanya kipofu. Alikaa katika upofu wa uwongo hata walinzi wakamzoea, wakamwacha apapase njia mpaka mtoni kutawadha. Siku moja akaogelea, akapanda farasi aliyewekewa, akafika Tulaitila. Mwaka 785 akatoka na jeshi, akavunjwa karibu na Kastuluna. Lilikuwa jeshi la mwisho la watu wa Fihri kuhofiwa na amiri.

Na Badr? Badr, aliyemvusha jangwa, aliyekwenda ng'ambo na barua, aliyemzingiria Tulaitila alipoasi Mfihri mwengine, alianza kusema kuwa amechoka wala hakulipwa stahili yake. Maneno yake yakawa makali. Amiri akamnyang'anya mali, akamfungia nyumbani, kisha akamwondosha mpakani, akafa huko.

Hapo awali Abdur-Rahman alikuwa akitembea Kurtuba miongoni mwa watu, akiwatazama wagonjwa na kusalia majeneza. Baadaye akashauriwa aache, na akaacha; akawa hatoki ila kati ya walinzi. Alipenda kukaa Ar-Rusafa, shamba alilolijenga nje ya mji na kuliita kwa jina la shamba la babu yake huko Sham, na humo akaotesha mtende ulioletwa kutoka mashariki. Mwaka 786 akauanza msikiti. Wanahistoria husema kuwa Wanasara walilipwa dinari 100,000 kwa sehemu yao ya kiwanja, kisha wakaruhusiwa kujenga makanisa yao nje ya mji.

Akafa mwaka 172 (788), naye na miaka 57. Alimwachia ufalme Hisham, mwana wa Hulal, yule kijakazi aliyetolewa na binti wa Yusuf siku ya uporaji. Ndugu mkubwa, Sulaiman, akaasi kutoka Tulaitila. Hisham akamtokea kwa jeshi la baba yake, lile la kununuliwa, nalo likasimama naye imara kama lilivyosimama na baba. Sulaiman aliposhindwa, Hisham akampa amani na fedha nyingi ili avuke bahari. Sulaiman akaipokea, akapakia watu wake, akenda kukaa kwa Waberberi, na siku zote za Hisham hapana mtu aliyemgusa.